Sifa Hazijaambatanishwa

Kijiwe chenyewe hakikuwa na jina la maana. Kilikuwa ubao wa nyuma wa lori lililokufa, umelazwa juu ya mapipa mawili, ukitazamana na mashine ya kusaga ya shirika, pale Babati mjini, njia ya kwenda sokoni. Mwaka ulikuwa themanini na nne: sabuni hakuna, sukari kwa kibali, na mahindi ya njano ya msaada yamekuja mengi hata watu wakayabandika jina, Yanga. Kitu kimoja tu hakikuadimika, nacho ni maneno. Tena kila aliyekaa pale alikaa na ushahidi wake, maana zilikuwa enzi za Nguvu Kazi. Mgambo akikukuta umekaa tu huna kazi, unapakiwa lori unakwenda kulima shamba usilolijua. Mwalimu Herieli, mstaafu wa elimu ya watu wazima, alitembea na kipande cha chaki mfukoni. Saning'o, dalali wa ng'ombe, alikuwa na fimbo yake na harufu ya mnada. Xavery, fundi cherehani, alivaa futi shingoni, ingawa uzi mara ya mwisho aliuona Pasaka. Halidi alikuwa na birika la kahawa, na birika halihitaji maelezo. Aliyekosa ushahidi ni mmoja tu, Damasi, na katika wote wale ndiye peke yake aliyekuwa na kazi.

Tuseme alikuwa nayo mpaka Ijumaa. Miaka kumi na mmoja Damasi aliiwasha mashine ile. Alipokosa vipuri aliifunga kwa mpira wa baiskeli, alipokosa mpira aliifunga kwa ngozi ya ng'ombe, na mara moja alikata ulimi wa kiatu chake mwenyewe. Kijiweni walimwita Nozeli, kwa kuwa mwaka wa vita alikwenda Arusha na kurudi amekumbatia nozeli ya injini, akakataa kuiweka chini hata alipokwenda haja. Lakini kwenye vitabu vya shirika jina lake lilikuwa kibarua, miaka kumi na mmoja mizima, kibarua. Ndipo akaletwa meneja mpya wa utumishi, bwana mmoja wa suti ya kaunda, katoka semina mbichi mbichi na faili limeandikwa MKAKATI WA VIPAJI. Akasema shirika haliwezi kwenda kwa watu wa kubahatisha. Akatangaza nafasi ya fundi mitambo, akatia kufuli mlango wa mashine, akatamka kwamba asiye na sifa asiguse injini. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Leo Jumanne, na mji mzima ulikuwa unatwanga kwenye kinu kama enzi za bibi zao.

Na kijiwe kilimsaidia, jamani, msaada wa kijiwe unaujua. Tangazo lilisema mwombaji aambatanishe sifa zake. Mwalimu Herieli akaamua kwamba mtu hajiandikii sifa, husifiwa na wenzake, na akashika kalamu. Zikatoka kurasa tatu. Kwamba unga wa Damasi hauna mchanga. Kwamba hajawahi kuiba hata kisonzo cha unga. Kwamba akisikia mashine inakohoa akiwa kanisani, hutoka kabla ya sadaka. Damasi alipeleka barua ile kwa mikono miwili, na jana jioni ikarudi na maneno mawili ya wino mwekundu: SIFA HAZIJAAMBATANISHWA.

Sasa alikuwa amekaa mwisho wa ubao, upepo wa mlima Kwaraa unampitia shingoni, barua iko mapajani. Chini ya miguu yake, ndani ya gunia, ililala hendeli ya kuwashia injini. Ile ya shirika ilipasuka zamani. Hii aliifua mwenyewe kwa springi ya lori. Asubuhi mkewe Kandida hakumgombeza, na hilo ndilo lililomtia hofu. Alimpa shati la kanisani, akamwambia tu, "Baba Marcelino, mgambo wamepita kwa jirani jana."

— Wino mwekundu kama huu haupatikani hata Arusha — alisema Xavery, ambaye pale aliitwa Tetesi. — Mwenye wino wa namna hii ana ndugu yake mkubwa mahali.

— Achana na wino, soma neno! — Mwalimu Herieli alikuwa bado na hasira za jana. — Ati hazijaambatanishwa. Kurasa tatu nimeziambatanisha mimi, kwa pini ya kitenge ya mke wangu. Nukta!

Jina lake la kijiweni lilikuwa hilo hilo, Nukta, kwa sababu alifunga kila hoja nayo, halafu akaendelea.

— Na pini sijarudishiwa.

— Labda sifa hazikutosha — alisema Saning'o. — Mimi niliwaambia tuandike kwamba hapigi teke. Mkakataa.

— Hapigi teke ni sifa ya ng'ombe, Saning'o!

— Ng'ombe wangu wote wamepata mnunuzi. Mtu wenu amepata?

Halidi akamimina kahawa, akamkabidhi Damasi kikombe bila kuombwa.

— Mimi nasema wazi — alisema Halidi. — Sifa za ofisini maana yake vyeti. Hata mtoto anajua.

— Sifa ni sifa! — akaruka Mwalimu. — Angetaka karatasi angeandika karatasi. Mimi nimefundisha watu wazima kusoma miaka ishirini, nisijue maana ya sifa?

— Unajua, Mwalimu. Ila unajua ya kwenye kwaya.

— Damasi — Tetesi alimgeukia. — Kwani wewe huna cheti hata kimoja?

Damasi akafikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka, hata injini aliisikiliza kwanza.

— Ninavyo vitatu.

Ubao mzima ukageuka.

— Cha ubatizo, cha ndoa, na cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

— Ulichanjwa wewe?

— Mbwa wangu.

— Basi, mbwa wako ana sifa kukuzidi! — alipiga kelele Tetesi, na watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagikia mapaja. Damasi naye akacheka, kwa meno tu. Moyoni alijua kwamba mbwa hachukuliwi na mgambo.

— Msicheke — alisema Tetesi, akijifuta kwa futi yake. — Mnajua kule semina wamefundishwa nini? Mimi nimesikia kwa mtu aliyepika chai ya semina. Kipaji ni mali ghafi, kama pamba, kama katani. Kinachambuliwa, kinafungwa robota, kinapigwa mhuri. Huo mhuri ndio cheti. Halafu kinauzwa nje, nchi inapata fedha za kigeni.

— Damasi auzwe nje?

— Ndiyo hivyo, hauziki! Hana mhuri. Anabaki humu ndani kama mahindi ya daraja la pili.

— Uzushi — alisema Halidi.

— Basi niambie wewe, kwa nini wanataka fundi mwenye cheti wakati dizeli yenyewe inakuja mara moja kwa mwezi?

— Ili mashine ikiharibika wapate mtu wa kumlaumu kwenye barua ya Dar. Asiye na cheti hata kulaumiwa haruhusiwi.

— Mnakosea wote — Mwalimu aliinua chaki. — Injini ni ya Mwingereza. Mwingereza alifundisha kila kitu chake kiheshimu karatasi. Gari lake lina karatasi, mbwa wake ana karatasi. Ile injini miaka yote imekuwa ikiwaka kwa aibu tu.

— Kwa aibu! — alisema Saning'o, na kutikisa kichwa. — Mnadani sisi hatumuulizi ng'ombe karatasi. Tunamtembeza. Akichechemea, tumeona.

— Ndiyo maana mnada haupelekwi semina.

— Vyovyote, watatu wanakuja na basi la Arusha saa saba, wote wana vyeti — alisema Tetesi. — Na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakija hao, Damasi atapona.

— Atapona nini? Anaumwa?

— Methali haiulizwi hivyo.

Wakati huo mzee Egidius, tarishi wa shirika, alikuwa anavuka barabara kwa kaptula yake ya kaki, bahasha ameishika mbele kama sahani ya sadaka. Kila mtu pale akatazama kikombe chake, kumbe kila mtu anatazama bahasha. Damasi aliweka kikombe chini. Wamefikiri upya. Wamezikumbuka zile kurasa tatu usiku, wameelewa. Alisimama, akafunga kifungo cha juu cha shati la kanisani.

— Shikamoo, mzee Egidius.

— Marahaba. Ya kwako hii. Nimeambiwa nisubiri majibu.

Bahasha ilipigwa mhuri wa SIRI. Damasi akampa Mwalimu aisome, na Mwalimu akasimama ili siri isikike vizuri.

— "Ndugu. Kwa kuwa Kamati ya Usaili haina mjumbe anayeifahamu injini iliyopo, unaombwa kuandaa maswali kumi ya kuwapima waombaji wa nafasi ya fundi mitambo, pamoja na majibu yake sahihi, na kuyawasilisha kabla ya saa tano leo. Barua hii isijulikane kwa mtu mwingine."

Wauza nyanya ng'ambo ya barabara walikuwa wamesogea ili wasikose mwisho.

— Soma tena pale penye majina ya watahiniwa — alisema Damasi taratibu.

— Hamna majina.

— Kwa hiyo mimi sifanyi mtihani.

— Hufanyi — Mwalimu alikohoa. — Unautunga.

Damasi akaketi. Iliuma, jamani, isikupite kwamba iliuma. Wino mwekundu ulimwambia hajui. Barua hii ilimwambia anajua, anajua kuwazidi wote, na bado hapana. Alikifungua kifungo cha juu, kwa sababu kilikuwa kinamkaba bure.

Kijiwe kikalipuka.

— Hii ni heshima! — alisema Mwalimu. — Mtunga mtihani ni mkubwa kuliko mtahiniwa. Sasa hivi huyu ni mkaguzi. Tumwamkie upya!

— Heshima gani? — alisema Saning'o. — Ng'ombe anaombwa amchague mchinjaji.

— Mimi nasema aandike majibu ya uongo — Tetesi alishusha sauti, na wauza nyanya wakasogea tena. — Swali la kwanza: injini ikigoma asubuhi unafanyaje? Jibu: unaimwagia uji. Wenye vyeti watakosa wote, meneja atabaki anatoa macho.

— Na yule atakayebahatisha uji?

— Huyo apewe kazi, ana kipaji.

— Andika yale unayoyajua wewe tu — alisema Halidi. — Kwa mfano, inakohoa mara mbili halafu inanyamaza. Maana yake nini?

— Hewa imeingia kwenye bomba la mafuta — alijibu Damasi bila kufikiri.

— Umeona! Ikilia kama mbuzi?

— Mkanda umelegea.

— Inazimwaje? — aliuliza Saning'o.

Hapo Damasi alitabasamu kweli, mara ya kwanza siku ile.

— Kuzima si kama mnavyodhani. Kile kidude cha kuzimia kilivunjika mwaka wa vita. Nikafunga waya wa breki ya baiskeli, unapita chini ya tangi, unatokea nyuma ya ukuta. Usipojua unavutwa wapi, utaizunguka mpaka Krismasi.

— Andika hilo! Hilo ndilo swali la kumi! — alisema Tetesi. — Aliye juu mngoje chini!

— Nani yuko juu?

— Waya.

Mzee Egidius akaomba kahawa, akakumbusha kwamba saa tano haiko mbali. Mwalimu alitoa daftari, akaandika namba moja mpaka kumi pembeni, akazipigia mstari, na akatulia hapo, kwa sababu kila mmoja alitaka swali lake liwe namba moja. Saning'o alitaka watahiniwa watembezwe. Tetesi alitaka waulizwe kabila la injini. Mwalimu mwenyewe alitaka waandike insha.

Katika kelele hiyo akafika Mama Fabiola, Wilhelmina wa kijiji cha Nakwa, debe la mahindi kichwani, kitenge kimelowa umande mpaka magotini. Akalishusha debe kando ya ubao, akapumua.

— Shikamoo, Mwalimu. Hamjambo wengine?

— Marahaba, mama. Tuko kwenye kazi ya siri.

— Nimeisikia tangu kwa wauza nyanya. — Akamgeukia Damasi. — Baba Marcelino, mimi nina swali moja tu. Ijumaa nilikuja nikarudi. Jumamosi nikarudi. Jana nikarudi. Watoto wanakula kande mpaka meno yanawauma, na mama mkwe hana hata hayo meno. Leo inawaka, haiwaki?

Damasi alilitazama lile debe, mahindi yake mwenyewe mama yule, meupe, ya mwisho ya msimu, si Yanga. Kisha akamnyang'anya Mwalimu daftari, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, akakata zile namba kumi kwa mstari mmoja. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa na wa kulala. Akaandika: *Swali: Iwashe.* Chini yake akaandika: *Jibu: Litasikika mpaka kijiji cha Singe.*

— Hilo ni swali? — aliuliza Mwalimu. — Halina hata alama ya kuuliza!

— Peleka, mzee Egidius — alisema Damasi.

Tarishi akavuka. Kikombe kimoja hakijaisha, mara anavuka tena kurudi. Chini ya mwandiko wa kulala palikuwa na wino mwekundu, mbichi, unang'aa: *Swali limepokelewa.* Na mstari wa pili, herufi kubwa: JIBU HALIJAAMBATANISHWA.

Mwalimu Herieli alisoma kwa sauti, akasoma tena, akaketi mwenyewe bila nukta. Saning'o alicheka mpaka fimbo ikamdondoka.

— Anataka umwambatanishie mlio! — alisema.

— Basi ataambatanishiwa — alisema Damasi. Akainama, akatoa hendeli kwenye gunia, akavuka barabara. Wilhelmina akajitwisha debe lake, akamfuata. Kijiwe kikafuata, na birika, na wauza nyanya.

Meneja alikuwa ameshasimama mlangoni na faili kwapani, ufunguo mkononi. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mtu wa faili. Faili likiwa pungufu alikosa usingizi.

— Unaingia kwa madhumuni ya kuambatanisha tu — alisema, akifungua kufuli. — Usiguse kingine.

— Sawa, bwana.

Ndani kulinuka pumba za zamani na panya wapya. Injini ilikuwa ya baridi, siku nne haijaguswa, na Damasi aliiwekea kiganja ubavuni kwanza, kama unavyomwekea mgonjwa. Akatoa hewa kwenye bomba. Akachoma kitambaa kilichochovywa mafuta, akakisogeza pale injini inapovutia pumzi. Akachomeka hendeli, akazungusha, moja, mbili, tatu, polepole, halafu kwa nguvu, shati la kanisani likachanika kwapani. Ikakohoa. Ikakohoa tena. Moyoni alisema, usiniaibishe leo, mama, kesho ukitaka ufe. Akaachia hendeli. Tu. Tu-tu. Tu-tu-tu-tu-tu! Vumbi la miaka kumi na mmoja likashuka kutoka darini, na kelele ikatoka nje, ikapita juu ya soko, ikaenda zake Singe.

Wilhelmina hakuuliza ruhusa ya mtu. Alimwaga mahindi yake kwenye mdomo wa mashine, mkanda ukang'ata, na unga ukaanza kushuka mweupe, wa moto. Nje kukasikika milango inafunguliwa. Wanawake walitoka kila kichochoro na madebe na vikapu, mmoja ameacha mchi umesimama kwenye kinu. Damasi alitaka kulia, na kwa kuwa kelele ilikuwa kubwa na unga ulikuwa mwingi, alilia kidogo.

Meneja akaandika kwenye faili: *Jibu limepokelewa.* Kisha akamsogelea, akapaza sauti sikioni:

— Vizuri sana! Sasa zima!

— Nizime?

— Watahiniwa wanashuka na basi la saa saba! Wataingia wakisikia jibu kabla ya mtihani! Usaili utakuwa batili!

Damasi alimtazama. Alitazama foleni, ilishafika barabarani. Alitazama mkono wake mwenyewe, ambao ulikuwa unajua njia ya ule waya hata gizani. Akaurudisha mkono, akaufuta kwenye suruali.

— Kuzima ni kugusa injini, bwana. Umesema nisiguse kingine. Mimi sina sifa.

Akachomoa hendeli yake, akatoka, akavuka barabara, akaketi mwisho wa ubao. Mmoja mmoja, kijiwe kikarudi kuketi naye. Halidi akamimina vikombe vya kila mtu na birika likainama zaidi ya kawaida.

Ng'ambo, kupitia mlangoni, walimwona meneja anaizunguka injini. Alibonyeza hiki. Alivuta kile. Aliita wajumbe wa kamati, nao wakaizunguka, kila mmoja na cheti chake nyumbani. Mjumbe mmoja aliisemesha. Madebe yakaendelea kumwagwa. Baada ya muda meneja alitoka, mweupe kuanzia suti ya kaunda mpaka nyusi, akavuka barabara, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe Babati akasimama mbele ya kijiwe.

— Hamjambo, wazee.

— Hatujambo, bwana. Karibu.

— Jamani... hii mashine inazimwaje?

Saning'o alichunguza fimbo yake. Tetesi alipima goti lake kwa futi. Damasi alikuwa mtu wa huruma, mdomo ulishaanza kufunguka, lakini Mwalimu Herieli akamkanyaga.

Meneja aliketi kwenye ncha ya ubao, akafungua faili juu ya mapaja, akafikiri kwa uchungu wa kweli. Ghafla uso ukamng'aa chini ya unga.

— Sikiliza, Ndugu Damasi. Nafasi tuliyoitangaza ni ya kuwasha na kuendesha. Hiyo ina sifa zake, siwezi kuigusa. Lakini ya kuzima haikutangazwa! Isiyotangazwa haina sifa! Naweza kukuandika hapa hapa, kwa kalamu hii. Mzimaji Mashine. Ajira ya kudumu, na kitambulisho cha kazi kabla ya jioni. Nenda kazime, nikuandike.

Kalamu ilikuwa nje, ile ya wino mwekundu. Damasi aliiona. Miaka kumi na mmoja alikuwa anangoja mtu wa shirika amwandike jina lake kwenye karatasi, na sasa karatasi ilikuwa mbele yake, imeshikwa na mtu aliyepakwa unga alioutoa yeye Damasi. Alimfikiria Kandida. Alifikiria lori la mgambo likipita mbele yake na kitambulisho kikiwa mfukoni. Akashika hendeli, akainuka nusu.

Wilhelmina alikuwa ametoka, debe la unga kichwani, uso mweupe, akipita kwenda zake. Alikuwa amesikia yote, maana kila siri pale ilisikika. Akasimama.

— Na kesho? — aliuliza.

— Kesho nini, mama? — alisema meneja.

— Akishaizima leo. Kesho ataiwasha nani?

Meneja akageuza ukurasa wa faili, akageuza mwingine, wa MKAKATI, wa TANGAZO, wa MUHTASARI WA SEMINA, akaenda mpaka mwisho na akaanza tena mwanzo, na kila ukurasa aliougeuza uliacha alama ya kidole cheupe. Damasi akaketi. Akalaza hendeli mapajani na kuikunjia mikono.

— Tafuta tu, bwana — alisema. — Nakungoja.

Halidi akaliinua birika, akaligeuza juu chini. Likatoa tone moja. Ng'ambo mashine ilikuwa inaendelea, tu-tu-tu, na foleni imefika kwa wauza nyanya.

— Mwalimu — alinong'ona Tetesi. — Kesho yenyewe imo humo kweli?

Mwalimu Herieli alinyoosha shingo, akachungulia faili juu ya bega la meneja, akasoma taratibu kama mtu anayesahihisha.

— Haijaambatanishwa — akasema.